Funguo za Kasyoka

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Naanza na hali ya hewa kwa sababu Mwalimu Mulwa ametuamuru tuiandike kila siku. Basi kama lazima nifungue daftari kwa ajili ya mawingu, nitaandika na yangu pia. Hayo mengine hatayasoma.

Kozi imeanza leo mjini, orofa ya tano ya jengo lisilo na lifti. Tunajifunza kupanga kazi ya kukata miti iliyo karibu na nyaya za stima, nyaya zikiwa na moto, yaani umeme ukipita ndani yake. Si kukata. Kupanga: nani apande, asimame wapi, tawi lianguke upande gani, nani abaki chini akitazama. Miaka yote niliyofanya kazi kwa mkandarasi wetu nimekuwa mvuta matawi. Wenzangu wanakata, mimi naburura mpaka kwenye lori. Mgongo wangu unajua kila mtaa kuanzia Kangemi hadi Ngong Road. Mkandarasi ameniambia wazi kwamba nikipita kozi kabla ya mvua ndefu kuisha, nitakuwa mpangaji. Nisipopita, lori bado liko pale pale.

Mwalimu alichora mti na waya ubaoni, akauliza mpangaji anaanza na nini. Nikarusha mkono kabla hajageuka. "Tunapima umbali!"

Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Kaa chini, Waringa. Kwanza unauliza kama stima inaweza kuzimwa. Ikiweza, zima. Kupima ni baadaye."

Darasa lote likacheka. Nilichukia mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi

Jua kali. Hesabu tupu. Kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Manyunyu asubuhi. Mazoezi ya kwanza nje, kwenye mjakaranda mkubwa Woodley, na mpango ulikuwa wangu. Mpandaji alikuwa Kasyoka wa kampuni yetu, mwanamke pekee ninayemjua anayeshinda juu ya miti na kamba na msumeno. Ananizidi umri kidogo na ananizidi ukimya mara mia.

Mwalimu Mulwa ana desturi yake. Kabla ya kupanda, mpandaji anampa aliyeandika mpango funguo za nyumba yake. Akishuka salama, anarudishiwa. "Ukishika karatasi utasahau kuna mtu huko juu," anasema. "Ukishika funguo zake, huwezi." Yeye mwenyewe alipanda miti hadi magoti yakakataa, kwa hiyo hakuna anayebisha.

Nikanyoosha mkono. Kasyoka akanipita kama nguzo, akampa Mwalimu funguo.

"Wewe bado," akaniambia.

"Bado nini?"

"Una haraka. Unamaliza maneno ya mtu kabla hajayaanza."

"Hiyo si kweli, mimi hu..."

"Umeona sasa?"

Akapanda. Mimi nikabaki chini na karatasi yangu na aibu yangu. Sijui anajiona nani.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imefika, ile yenyewe. Kibanda cha Mama pale Dagoretti Corner kimevuja juu ya sukuma wiki. Nilimsimulia habari ya Kasyoka nikitarajia anihurumie. Mama akasema, "Huyo msichana ana akili." Asante, Mama.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua, kisha jua, kisha mvua tena. Leo somo lilikuwa uzito. Mwalimu alifunga mfuko wa mchanga kwenye ncha ya fito ndefu, fito ikainama. Akakata kamba. Fito ikaruka juu na kukosa pua ya jirani yangu kwa kidogo sana.

"Tawi likipunguziwa mzigo, linainuka," akasema. "Ukikata ncha yake, lile linalobaki linapanda. Kama waya uko juu yake, linapanda hadi kwenye waya."

Nimeandika na kupiga mstari. Hiyo nimeielewa, haina maneno.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua asubuhi. Nimepewa mti wa mtihani, na roho yangu inaruka.

Uko Mountain View, kwa Mzee Ndegwa, mstaafu anayeangua vifaranga. Ni mti wa avokado mnene, na tawi moja nene limetambaa chini ya nyaya hadi upande wa barabara. Mwaka huu umezaa kupita kiasi. Lile tawi limeinama kama mama aliyebeba kuni. Upepo ukiligeuza, au likizidi kukua, litagusa waya. Kasyoka ndiye atakayepanda. Msimamizi wa mtihani ni Injinia Rohan, ambaye hacheki hata akichekeshwa.

Nikauliza swali la kwanza kama nilivyofunzwa. "Mzee, tunaweza kuomba stima izimwe siku hiyo?"

"Kuzima?" Mzee Ndegwa akashika kifua. "Kairitu, msichana wangu, unataka kuniua? Kuja uone."

Akanipeleka chumba cha nyuma. Mashine zimepangwa ukutani, ndani mayai yamelala safu kwa safu, na joto lake linakupiga usoni. "Hii mashine haipumziki. Hawa wakitoka, wengine wanaingia. Stima ikipotea siku nzima, yote yanakufa ndani. Mti yangu kata, hata ukitaka ung'oe. Lakini stima yangu wacha."

Nikasema sawa, tutafanya waya ukiwa na moto. Niseme ukweli, nilifurahi. Mpango wa waya uliozimwa hata mtoto anaweza kuandika. Huu wa moto ndio utaonyesha watu Waringa ni nani.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua usiku kucha, na matone asubuhi. Nimepima. Tuna kifaa kidogo kinachotupa nukta nyekundu na kukusomea umbali, huhitaji kukaribia chochote. Kutoka tawi hadi waya, nafasi inatosha na inabaki. Nimepima mara tatu, majibu ni yale yale. Nikaandika mpango jioni yote, mezani pa Mama, katikati ya vitunguu.

Mwalimu Mulwa aliusoma polepole hadi nikataka kumgeuzia kurasa.

"Uliuliza kuhusu kuzima?"

"Nimeuliza. Amekataa."

"Ulimuuliza, au ulitaka akatae?"

Nikamsogezea kalamu. Akatia sahihi, kwa sababu vipimo vilikuwa sawa. Lakini hakunipongeza, na mimi nilikuwa nimesubiri kupongezwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mawingu. Mvua imepumzika. Nimefua.

Jumatatu, 14 Aprili

Jua tangu jana. Kila kitu kimekauka, hata matope ya mlangoni.

Kesho ndiyo siku. Mzee Ndegwa amenipigia simu jioni, sauti ya furaha. Tangu Alhamisi yeye na wanawe wamekuwa wakituvunia avokado, na leo wamemaliza zote, ili zisituangukie na kupasua mabati yake. "Nimewarahisishia kazi," akasema. "Hata nimewawekea gunia moja la zilizokwisha kuiva, mle na mkate asubuhi."

Nikamwambia asante sana, Mzee, Mungu akubariki. Kumbe si mkorofi, ni mtu mzuri tu.

Jumanne, 15 Aprili

Jua. Anga safi kabisa.

Tulifika mapema. Tukafunga barabara, tukaweka vizuizi, nikamsomea Kasyoka mpango naye akanirudishia kwa maneno yake, kama inavyotakiwa. Mzee Ndegwa akatoa chai. Tukasimama chini ya mti tukila mkate na avokado. Zilikuwa laini kama siagi. Kila mtu alimsifu. Hata Injinia Rohan alichukua ya pili, na mimi nikaona hiyo ni dalili njema.

Kisha Kasyoka akaja mbele yangu na funguo. Tatu, na kipande cha plastiki cha njano chenye umbo la samaki. Bila shaka ni cha mtoto.

"Nakupa kwa sababu ni mtihani," akasema. "Usifikirie ni mapenzi."

"Hata kama."

Akafunga kamba, akaanza kupanda. Mimi nikasimama mahali pangu, penye alama, nikitazama kama nilivyoandika kwamba nitatazama. Na nikatazama chini kwanza, kwa sababu nilikuwa nimekanyaga kitu kinachoteleza. Ganda la avokado. Kando yake kokwa. Kando yake makokwa mengine, mengi, tuliyotupa sisi wote.

Nikainua macho kwenye tawi.

Halikuwa limeinama. Lilikuwa limenyooka, jepesi, kavu, majani yake yakicheza na upepo, na hapakuwa na avokado hata moja juu yake. Siku niliyopima lilikuwa limebeba mzigo wa msimu mzima, pamoja na mvua ya usiku kucha. Mzigo wenyewe ulikuwa tumboni mwetu na kwenye magunia ya Mzee Ndegwa. Na Kasyoka alikuwa ameshapita katikati ya mti, msumeno kiunoni.

"Simama!" Sijui sauti hiyo nimeitoa wapi. "Kasyoka, simama! Usiguse tawi! Rudi kwa shina!"

Akasimama. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Injinia Rohan akaja mbio. "Kuna nini? Mpango umeshapitishwa."

"Tawi limeinuka, Injinia. Avokado zimevunwa. Vipimo vyangu si vya tawi hili."

Akanitazama, akatazama juu, akachukua kifaa mwenyewe. Nukta nyekundu ikapanda. Akasoma. Akapima tena. Halafu akafuta paji la uso kwa mkono.

"Mshusheni," akasema.

Nafasi ilikuwa imepungua mkono mzima. Na hapo ni kabla ya kukata ncha na tawi kuruka zaidi. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya maneno hayo! Fito, mchanga, pua ya jirani, nilielewa vyote. Lakini avokado sikuiona kama mzigo. Avokado ni chakula. Nimekulia kibandani nikizipanga, na haikunijia kabisa kwamba mtu akinivunia ananibadilishia mti. Na nikamshukuru kwa simu. Nikamwombea baraka!

Kasyoka alishuka. Nikamrudishia funguo, akazishika bila kuzitazama.

Injinia Rohan aliniita kando. "Umesimamisha kazi, hilo limekuokoa usifukuzwe kozi. Lakini siwezi kukupitisha. Ulipima siku moja ukafunga akili. Rudi na mpango mwingine kabla mwezi wa tano haujafika katikati. Ukishindwa huo, basi."

Mzee Ndegwa alisimama na birika mkononi, hajui amekosea wapi. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mimi, kisha nikalia nyuma ya lori kama mjinga. Kasyoka akaja, akakaa kando yangu.

"Mimi pia nilikula," akasema. "Sote tulikula."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imerudi. Sijatoka kitandani.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua nyepesi. Mama amenitoa kitandani kwa ncha ya mwiko. "Mti bado uko? Waya bado uko? Basi kazi bado iko. Inuka."

Nikainuka. Na nikiwa naoga maji baridi nikakubali kitu kimoja. Mwalimu Mulwa aliniuliza kama nilitaka Mzee akatae, na jibu ni ndiyo. Nilitaka sifa za moto. Swali la kwanza sikuliuliza kamwe, nililipita tu.

Nikampigia Kasyoka nikamwomba anisindikize Mountain View. Sikutarajia akubali. Alikubali kwa neno moja.

Mzee Ndegwa alitukaribisha, lakini aliposikia "kuzima" akaanza tena. Mayai. Mashine. Wateja. Nilimwacha aseme. Nilimwacha amalize kabisa, hata alipokohoa na kuanza upya, na Kasyoka akanitupia jicho la mshangao.

Alipomaliza nikamgeukia Kasyoka. "Naomba funguo zako."

Akanipa. Nikaziweka mezani, kati ya vikombe, na yule samaki wa njano juu.

"Mzee, kwetu aliyepanga kazi ndiye anashika funguo za anayepanda, hadi ashuke. Mimi nimepanga nikakosea, sikujua tawi likivunwa avokado linainuka kwenye waya, tukaponea chupuchupu. Sasa kama unataka huyu apande na waya una moto, sikatai. Lakini shika wewe hizi funguo."

Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Akamtazama Kasyoka.

"Uko na watoto?"

"Wawili, baba. Huyo samaki ni wa mdogo."

Mzee Ndegwa alirudisha mikono yake chini ya meza, mbali kabisa na zile funguo.

"Toa hiyo kitu hapo," akasema, sauti imeshuka. "Toa, tafadhali." Akatazama mlango wa chumba cha mashine. "Hawa waliomo watatoka mwisho wa mwezi. Kifaranga akishatoka, jiko la makaa linamtosha. Sitaingiza mengine. Mashine italala mpaka mmalize."

"Utapoteza zamu nzima ya mayai, Mzee."

"Si ni mayai tu," akasema. Halafu, "Mungu wangu, na mimi niliwapa mkate."

Tulipofika barabara kuu Kasyoka akanigeukia. "Leo ulimwacha mzee wa watu akamaliza," akasema. "Unaumwa?"

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua wakati wa ibada. Nimekula chapati nyingi mno.

Jumatano, 23 Aprili

Upepo mbaya na mvua ya mawe. Sikuweza kutulia. Nilienda hadi Mountain View kulitazama tawi kutoka ng'ambo ya barabara, nikamkuta Mzee Ndegwa ametangulia, amesimama mvuani na mwavuli uliopinduka, akiwafukuza watu wasipite chini yake. Amefunga kamba na matambara mekundu toka mti hadi lango la jirani.

"Kairitu, rudi nyuma!" akanipigia kelele. "Nyuma zaidi!"

Nikarudi nyuma. Huyu ndiye mtu niliyemdhania mkorofi. Tawi lilikaa. Tulisimama wawili tukilinda tawi ambalo sote tunataka likatwe.

Jumatatu, 28 Aprili

Mawingu. Mzee Ndegwa amepiga simu, sikusikia neno lake hata moja kwa kelele za vifaranga. Alikuwa anacheka.

Ijumaa, 2 Mei

Manyunyu. Watu wa stima wamethibitisha siku ya kuzima. Nimepeleka habari nyumba kwa nyumba mwenyewe, na nimetukanwa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, nami nikaenda kubisha mlango uliofuata. Mpango mpya ni mfupi kuliko ule wa kwanza. Nimeandika pia: asubuhi ya kazi, pima upya, na muulize mwenye mti amefanya nini tangu ulipoondoka. Mwalimu Mulwa aliposoma hapo aligonga meza kwa kidole na kutia sahihi. Safari hii sikusubiri pongezi, ila aliponiitia chai nilienda mbio.

Alhamisi, 8 Mei

Jua baada ya mvua ya usiku.

Watu wa stima wakazima. Hatukuamini kuzimwa kwa maneno. Wakapima waya kuona kama kuna moto, hakuna. Wakauunganisha na ardhi pande zote mbili, ili hata mtu akiwasha kwa makosa huko mbali, moto usimfikie aliye juu. Nikapima tawi upya. Nikamuuliza Mzee Ndegwa kama amevuna, amefunga, amechuma hata jani moja. "Sijagusa," akaapa, mikono juu kama mwizi. Hakuleta mkate.

Nilikuwa nimeinama nikiangalia vizuizi nilipohisi kitu kikiwekwa mfukoni mwa koti langu. Nikageuka. Kasyoka alikuwa ameshaondoka kuelekea mtini, anafunga kamba. Hakuombwa, wala mimi sikunyoosha mkono. Nikagusa mfuko. Samaki alikuwemo.

Akapanda. Msumeno ukaanza. Mzee Ndegwa alikaa varandani, kifaranga mmoja ndani ya kofia yake. Injinia Rohan alisimama upande wangu na fomu yake, na Mwalimu Mulwa nyuma yetu, akiegemea lori kwa sababu ya magoti.

Ncha ya tawi ikakatika, ikashuka polepole kwa kamba, mahali nilipoandika itashuka.

Na lile lililobaki likaruka.

Nilijua litaruka. Nilikuwa nimeandika kwamba litaruka. Lakini kuandika ni kitu kingine. Lilipanda ghafla, likapita mahali pote tulipopima, likauchapa waya kwa kishindo hadi nyaya zote zikayumba kutoka nguzo hadi nguzo. Majani yakamwagika juu ya barabara. Kasyoka alikuwa ameegemea shina la tawi hilo hilo, mkono mmoja juu yake.

Waya ulikuwa mfu. Uliyumba, ukatulia.

"Ngai, Mungu wangu," akasema Mzee Ndegwa, na akafunika kofia kwa kiganja.

Kasyoka alitazama mahali tawi lilipogusa waya. Alitazama mkono wake. Kisha akanitafuta kwa macho kule chini, nami nikainua mkono, na akainua wake, na akaendelea kukata. Nilikuwa nimekamata zile funguo kwa nguvu kiasi kwamba meno yake yamenichora kiganjani. Bado alama ninaziona ninapoandika.

Injinia Rohan alisafisha koo. "Nimeona ya kutosha," akasema. Alikuwa amekunjua fomu, ametoa kalamu, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake. "Nahitaji sahihi yako hapa, Waringa. Hongera."

Ile karatasi niliyoitafuta tangu mwezi wa tatu ilikuwa mbele ya pua yangu. Sikugeuza macho kutoka juu.

"Ngoja kidogo, Injinia," nikamwambia. "Kasyoka bado hajashuka, na funguo zake ninazo mimi."